Pasaka mwaka huu siku tano: ukweni Moro au Mikumi na washkaji? Naombeni ushauri

Kimara Mwisho

Wakuu habari za muda huu. Naomba mnisaidie maana nyumbani hapakaliki. Mwaka huu 2026 Pasaka imekaa pazuri mno, Ijumaa Kuu tarehe 3 Aprili, Pasaka yenyewe tarehe 5, Jumatatu sikukuu, halafu Jumanne tarehe 7 ni Karume Day, yaani siku tano mfululizo huoni sura ya bosi. Sasa hizo siku tano kila mtu ana hesabu zake.

Waifu anataka twende kwao Morogoro, pale Bigwa, mimi na yeye na watoto wawili, mmoja ana miaka 7 mwingine 3, tukae zote tano. Mama mkwe anapiga simu toka Kwaresima inaanza, wajukuu wanakuja lini, wajukuu wanakuja lini. Baba mkwe alifariki mwaka jana kwa hiyo hii ndo Pasaka ya kwanza mama yuko mwenyewe. Hapo sina cha kubisha.

Sasa washkaji. Tuliosoma wote o-level tuna grupu letu, toka Januari tunachangia safari ya Mikumi, laki na nusu kwa kichwa, Coaster imeshalipiwa dipoziti, inatoka Dar Ijumaa Kuu alfajiri, tunalala Mikumi mjini siku mbili, Ijumaa jioni nyama choma na vinywaji, Jumamosi hifadhini, Jumapili asubuhi kurudi. Watoto hawaruhusiwi. Nimeshatoa laki. Waifu nilimwambia mapema tu ila anasema alijua ni stori za wanaume. Jana kaniambia "nenda tu Mikumi, mama nitamwambia umebanwa na kazi" halafu akaendelea kukunja nguo. Mlio kwenye ndoa mnaijua hiyo sauti.

Bajeti nzima ni laki nne na nusu nje ya hiyo laki iliyoenda, na humo humo kuna zawadi ya mkwe. Gari sina. Nifanyeje? Matusi hapana tafadhali.

Mzee wa Vigwaza

Nenda ukweni. Uzi ufungwe.

Chuma cha Mjerumani

Mzee usimkatishe tamaa mwenzio. Mkuu mi nakwambia hivi, marafiki wa o-level ukishafika miaka thelathini na kitu unaonana nao kwenye misiba tu, sasa mkipata nafasi ya kuonana wote mkiwa hai mnacheka unaiachaje? Akili ni hii, watangulize waifu na watoto Alhamisi, wewe panda Coaster Ijumaa, Jumapili si mnarudi Dar kwa barabara hiyo hiyo, ikifika Msamvu unashuka, bajaji mpaka Bigwa, saa saba uko mezani na mkwe unakula pilau. Umekula huku na huku.

Kimara Mwisho

Hii ya kushuka Msamvu nilikuwa sijaiwaza aisee 😀

Mama Wawili

Usianze kuchekelea, ngoja nikuulize. Mama mkwe wako ni Mkatoliki?

Kimara Mwisho

Ndio dada, tena WAWATA haswa, kitenge anacho cha kila sherehe.

Mama Wawili

Basi sikiliza kaka yangu. Ijumaa Kuu huyo mama amefunga, hagusi nyama, mchana yupo Njia ya Msalaba, na ni Pasaka ya kwanza hana mzee wake. Siku hiyo hiyo mkwe wake yuko kilomita mia kutoka hapo anageuza mbuzi kwenye jiko na chupa mkononi, na picha mtaziposti nyie wenyewe maana hamjawahi kujizuia, na shemeji zako wako humo humo mtandaoni wanaangalia status. Halafu Jumapili saa saba unashuka kwenye bajaji macho mekundu unasema Mama Heri ya Pasaka. Atakupokea vizuri, atakupa na paja la kuku. Ila mkeo atakuwa ameiona sura ya mama yake akikupokea na hiyo haitoki.

Na mkeo naye ana lake la kuambiwa. Siku tano kwa mama mjane na watoto wadogo wawili si kumfariji huko, ni kumpa kazi. Mama zetu hawakai, mgeni akiwepo anaamka saa kumi na moja kuchemsha maji, chapati, uji wa mjukuu, mchana wali, jioni tena. Mi wa kwangu tulikaa sana mwaka mmoja mpaka akawa anakunywa dawa za mgongo kwa kujificha. Kama mnakaa siku zote hizo basi jikoni ashike mkeo, na wewe ukanunue gesi na mkaa wa kutosha siku ya kwanza usisubiri kuambiwa.

Chuma cha Mjerumani

Dada umeua 😂 narudisha kauli nusu.

Dereva wa Kihonda

Mimi niko Moro, hiyo njia ya Mikumi naijua usiku na mchana. Ongezeni na hili mnalolisahau, Aprili ni masika. Barabara kuu ya lami haina neno, inakatiza hifadhini kama kilomita 50 na mara nyingi twiga na tembo mnawaona bure kabisa mkiwa kwenye gari, ila huko ndani upande wa mbuga ya Mkata ule udongo mweusi ukilowa unanata hadi kwenye mlango, Coaster ikizama hapo siku yenu imeisha hapo. Na majani yanakuwa marefu, simba kalala hatua kumi na hamumuoni. Waambie wenzio wakiweza wakodi magari ya hifadhi yale ya wazi, Coaster ibaki nje. Na malipo getini hawapokei keshi, ni namba ya malipo kwa simu au kadi, kila mtu abebe kitambulisho cha NIDA la sivyo mtabishana bei ya Mtanzania.

Dereva wenu asikimbie pale katikati, mchana mwisho 70 usiku 50, na kuna bango lina faini ya kila mnyama ukimgonga, mkilisoma mtapunguza mwendo wenyewe.

Watoto wako waache Bigwa. Siku ya Jumatatu wapeleke Rock Garden wakachezee maji kwa macho tu, mawe yanateleza kipindi hiki. Wao hawatajua tofauti.

Binti SGR

Usafiri wala usiumize kichwa. Treni ya SGR, ile ya kawaida, Dar Moro ni 13,000, mtoto wa miaka 3 hana nauli, wa 7 nusu, kwa hiyo familia nzima 32,500 kwenda na hivyo hivyo kurudi. Ukipanda Alhamisi jioni ukitoka kazini saa mbili hazijaisha upo Moro, wenzako wa basi bado wanahesabu malori Mlandizi. Ila kata tiketi SASA, za sikukuu zinaisha mapema mno, watu wanalia dirishani kila mwaka. Stesheni iko Kihonda, mpaka Bigwa ni kukatiza mji mzima kwa hiyo weka hela ya bajaji.

Mama Wawili

Na kwa sababu ni Ijumaa Kuu zawadi yako kwa mkwe ni samaki. Nenda Feri Alhamisi asubuhi chukua changu na kibua wakubwa, waparue kabisa, wape ndimu na chumvi, wakaange wakauke vizuri ndo uwaweke kwenye ndoo yenye mfuniko. Usithubutu kupanda na wabichi kwenye behewa lenye kiyoyozi, watu watakushusha Ruvu. Samaki wa bahari Moro ni heshima kubwa kuliko hiyo keki mnayobebaga.

Kimara Mwisho

Asanteni sana, naona mwanga. Kwa hiyo nakata tiketi za Alhamisi, mimi na familia yote. Sasa Jumamosi je? Naweza kudandia basi la Iringa pale Msamvu alfajiri niwakute washkaji, jioni nirudi niwahi mkesha?

Mzee wa Vigwaza

Unarudi kwenye uzi ule ule kwa mlango wa nyuma.

Dereva wa Kihonda

Wao wataingia hifadhini kumi na mbili na nusu, wewe basi la kwanza likiwahi sana unafika wameshapotelea ndani. Utashinda getini unaangalia nyani. Acha.

Swahiba wa Tabata

Mi nina swali wala sio ushauri. Hao washkaji baba mkwe alipofariki walikuja?

Kimara Mwisho

Walikuja mkuu. Kumi na wawili, walilala nje kwenye turubai siku mbili na ndo walichimba kaburi na vijana wa pale.

Swahiba wa Tabata

Sasa unahangaika nini? Mama anawajua hao. Coaster Jumapili inapita Msamvu inarudi Dar, usishuke wewe, waingie wao. Wafike Bigwa kumpa mama mkono wa Pasaka, lisaa limoja lisaa na nusu, wanaondoka. Nyumba iliyofiwa sikukuu ya kwanza inakuwa kimya vibaya, mi nimezika mzee wangu najua, kitu mama alichokuwa anaulizia mwaka ule ni mbona wale waliokuja kwenye msiba hawaonekani tena. Mi ni Muislamu lakini Idi juzi tu tulifanya hivi hivi kwa mama wa rafiki yetu, alicheka mpaka tukashangaa.

Mama Wawili

Sawa lakini kwa masharti. Mama aambiwe kabla, asishtukizwe na Coaster getini. Wachange mchele kilo ishirini na mafuta vifike Bigwa Ijumaa, sio waje na mikono kupiga makofi. Wapishi wakodiwe au akina dada wa jirani wapewe kitu, mama akae kwenye kiti. Na pombe ya Jumamosi iishie Jumamosi.

Chuma cha Mjerumani

Kilo ishirini kwa wanaume kumi na wawili waliotoka kulala na njaa ya Mikumi? Weka thelathini dada.

Kimara Mwisho

Mrejesho wakuu. Nimekata tiketi, Alhamisi ya saa moja jioni, kurudi Jumanne asubuhi. Grupu nimewaambia, wawili wamenuna kidogo kwamba nimewaacha solemba ila la Bigwa wamelikubali wote na mchango wa mchele umeshafika nusu bila kusukumana. Waifu nilimwambia jana usiku, hakusema kitu, akachukua simu akampigia mama yake pale pale akaweka sauti ya juu. Mama kauliza maswali mawili, wanakuja wangapi, na yule mrefu aliyekuwa anaimba kwenye mkesha wa msiba naye yumo? Nikasema yumo. Akasema basi asinunuliwe kuku wa kizungu, kuna majogoo yake yanasumbua tu majirani.

Ile laki yangu hairudi ila wamesema nikipata mtu nimuuzie nafasi. Kiti kimoja cha Coaster na vitanda vya siku mbili, elfu themanini tu, anayetaka aje inbox.

Mzee wa Vigwaza

Watoto hawaruhusiwi si ndio? Nakuja inbox.