Tupeane uzoefu: nani kaanza kujifunza kujihami baada ya miaka 55?

Bibi Mwepesi
Wadau, jana mjukuu kanishika mkono kwa mchezo, nikauchomoa kupitia upande wa kidole gumba chake bila hata kufikiri. Akabaki kanikodolea macho. Nikakumbuka siku niliyoingia mazoezi ya judo, miaka 61, katikati ya vijana. Nilidhani nitafundishwa kupiga. Wapi! Mwezi mzima tunafundishwa kuanguka: kidevu kifuani, mgongo mviringo, mkono unapiga mkeka kichwa kisiguse. Nilinung'unika sana moyoni. Mwaka uliofuata nikateleza bafuni, na kidevu kikajiendea kifuani chenyewe. Nyonga salama. Haya, leteni yenu.

Chausiku
Kuanguka kwanza. Kweli tupu.

Mstaafu wa Zamu
Wenyewe wanaita ukemi. Judo hii aliyoianzisha Jigoro Kano mwaka 1882, mgeni huanzia hapo. Ila kwa umri wetu nasema bebeni fimbo. Mkeka hauko barabarani.

Kibiriti
Mzee, shikamoo, lakini hapo sikubali. Fimbo inanyang'anywa, halafu unachapwa nayo mwenyewe.

Mstaafu wa Zamu
Marahaba. Inanyang'anywa ukiiinua juu kama unafukuza kuku. Shika kwa mikono miwili, choma tumboni kama unatwanga, rudisha haraka. Umewahi kujaribu au unasema tu?

Kibiriti
Nimejaribu, ndiyo maana nasema.

Mama Pacha
Mimi yangu sijawahi kuisimulia. Nilikuwa na miezi miwili ya mazoezi, najiona niko tayari. Jioni nashuka ngazi, kijana akapanda kunielekea, akanisalimia vizuri kabisa. Nikaitikia. Alipofika usawa wangu akaushika mkoba. Kila nilichofundishwa kilipotea. Sauti haikutoka, mdomo wazi, kimya. Nilichokiona ni kidole gumba chake tu, kina plasta chafu iliyobanduka upande mmoja. Uso wake hadi leo siujui. Na kamba ya mkoba nilikuwa nimeizungusha mkononi mara mbili, nikidhani ndiyo usalama. Alipovuta, aliuvuta mkoba pamoja na mimi. Ngazi saba. Kiwiko, bega, kisha kifundo cha mkono kikalia kama kijiti. Mkobani mlikuwa na miwani na dawa za presha. Basi.

Chausiku
Pole mno mama. Nimesoma huku nimeshika kifundo changu.

Jabali
Pole. Lakini mbona hukupiga kelele? Ngazi zina mwangwi, watu wangetoka.

Bibi Mwepesi
Jabali, umesoma alichoandika? Mwili ukishtuka unaganda, hata askari wanaganda. Usimuulize mtu swali ambalo amejiuliza usiku mia.

Jabali
Samahani, mama. Sikukusudia kukulaumu.

Mama Pacha
Yameisha. Ninachoomba: msizungushe kamba mkononi. Mkoba uende.

Kibiriti
Uende kabisa! Hata simu. Mimi niliipigania simu, nikapasuka nyusi.

Nesi Mstaafu
Mnaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, mwambieni mwalimu siku ya kwanza. Kwenu pigo la kichwa si jambo dogo hata kama hamwoni jeraha. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Na mifupa ikishalegea, msirushane. Tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, inatosha kuanzia, inapunguza kuanguka.

Mstaafu wa Zamu
Ngumi pia muache, vidole vinavunjika. Tumia kitako cha kiganja, kwenye pua.

Mke wa Fundi
Mimi sauti naifanyia mazoezi jikoni kila asubuhi: "RUDI NYUMA!" Mwanzoni ilitoka kama naomba radhi. Ilichukua wiki tatu kuwa amri. Majirani nimewaarifu.

Mama Pacha
Hiyo naianza kesho.

Goti la Chuma
Hodi, nimechelewa. Nimewekewa goti bandia. Kuna aliye hivyo na anajifunza kuanguka?

Babu Tisa
Mimi ni nyonga. Sianzi kwa kusimama, naanza nimekaa kwenye mkeka, nalala nyuma taratibu, mkono unapiga. Kwanza muulize daktari aliyekupasua. Wangu alinikataza kukunja nyonga kupita digrii 90, mwalimu akanitolea mbinu zote za kuchuchumaa. Wewe muulize kama goti linaruhusiwa kupigwa chini.