Tagi ya mlango imepotea, fundi akakataa kunipa namba ya siri ya nyumba yangu mwenyewe

Assalam aleikum wenzangu. Nimekaa na hasira hizi siku 11 na leo nazitoa. Mwenye nyumba ya wageni, mwenye duka, au yeyote anayefikiria kutia alamu nyumbani kwake, nakuomba usome kabla hujamtumia mtu pesa.

Nyumba yetu iko Mkomani, Lamu. Ni nyumba ya mawe ya babu yetu. Chini kuna vyumba sita vya wageni, vimezunguka kiwanda, ule ua wa kati. Juu tunaishi wenyewe: mamangu, binti zangu wawili na mimi. Kabla ya Maulidi, wakati mji unajaa wageni, nilileta kampuni moja kutoka Mombasa inifungie alamu pamoja na tagi za kuingilia, yaani vifungo vidogo vya kielektroniki vya kugusisha badala ya ufunguo. Jina lake silitaji hapa, wao wanajijua. Nililipa shilingi 145,000, nikapewa tagi 14 na karatasi moja ya risiti. Sikuachiwa kitabu cha maelezo wala kuonyeshwa jinsi ya kufuta tagi. Fundi alisema, "Mama, ukiwa na shida unapiga simu tu."

Ilikuwa ifanye kazi hivi. Mlango wa mbele, ule wa nakshi, usiku tunaurudisha tu. Ukifunguliwa, alamu huanza kuhesabu sekunde 30. Ndani ya muda huo anayeingia anagusisha tagi yake kwenye kisomaji kilichoko tekani, kile chumba kidogo baada ya mlango wa mbele, alamu inazima, kufuli la umeme la mlango wa pili linaachia, naye anaingia kiwandani. Asiye na tagi, king'ora kinamlilia. Wageni wanaorudi usiku kwa boti kutoka Shela wanajifungulia wenyewe, mamangu halali nusu jicho akisubiri hodi. Hilo ndilo nililolipia.

Jumatano, wiki mbili zimekaribia sasa, mgeni mmoja alikwenda Shela kuogelea, akarudi bila tagi. Simlaumu, kitu kidogo kama kifungo cha kanzu kinaweza kumponyoka mtu yeyote. Lakini fundi alikuwa ameibandika kila tagi karatasi yenye jina la nyumba yetu na namba yangu ya simu! Alisema ikipotea watu watairudisha. Sasa fikirini. Ni ufunguo ulioandikwa juu yake ni wa mlango gani, na umedondoka pwani ambako kila siku wanapita watu wasiojuana. Tagi haijui aliyeishika. Haina jina ndani yake, ina namba tu, na paneli, kile kisanduku kinachoendesha alamu, ikiiona namba hiyo inafungua, awe ni mgeni wangu au mwizi.

Nikapiga simu: nifutieni tagi moja tu, iliyopotea. Jibu la kwanza, ni namba ngapi? Nitajuaje mimi? Kwenye kumbukumbu ya paneli kila tagi inakaa kwenye nafasi yake, mtumiaji wa 1, wa 2, wa 3, na anayeziingiza ndiye anayepaswa kuandika tagi ipi iko nafasi ipi na amepewa nani. Fundi wetu alikaa tekani robo saa, akazigusisha zote 14 moja baada ya nyingine, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, akanikabidhi. Hakuandika popote. Wao hawana orodha, mimi sina orodha.

Nikasema basi, nipeni namba kuu ya siri nitafute mwenyewe. Maana mimi walinipa namba ya mtumiaji wa kawaida tu, ya kuwasha na kuzima. Namba kuu, inayoongeza na kufuta watu, walibaki nayo wao. Na iko ya tatu, namba ya fundi, inayoingia kwenye mipangilio yote ya mfumo. Mtu wao ananijibu, kwa sauti ya kumtuliza mtoto: "Hizo hatutoi kwa mteja, ni kwa usalama wako." Nyumba ni yangu, pesa ni zangu, wanaolala juu ni mamangu na wanangu, halafu mtu aliyeko Mombasa ndiye anayeamua nani aingie kwangu!

Wakataka shilingi 18,000 ili fundi aje: nauli ya basi mpaka Mokowe, boti, malazi na kazi. Kazi yenyewe ni kubonyeza vitufe kwa dakika mbili. Nusu nitangulize. Nikatuma 9,000 kwa M-Pesa siku ile ile, kwa sababu nilikuwa na hofu. Akaahidi Jumamosi. Jumamosi hakuja. Jumatatu simu ikaita tu. Jumanne akasingizia barabara, eti haipitiki. Nimesafiri njia hiyo ya Garsen na Witu wiki ile ile kumpeleka mwanangu Malindi, mabasi yalikuwa yanapita kama kawaida.

Usiku wa siku zote hizo tulirudi kwenye komeo. Kila mgeni akitoka, mtu lazima akeshe amfungulie. Mamangu ana miaka 71, ana magoti, na ngazi zetu mnazijua zilivyo. Alikuwa anashuka saa saba za usiku kwa sababu mimi nimeshasinzia kwa uchovu. Hilo siwasamehi.

Siku ya tisa kijana wa jirani, wa mtaa wa Langoni, anasomea umeme, akaniambia, "Khalati, hebu niione hiyo paneli." Akasoma aina yake kwenye kifuniko, akatafuta kitabu chake kwenye intaneti, akakipata bure. Kitabuni imeandikwa namba ya fundi inayotoka nayo kiwandani ilikotengenezwa, ambayo anayefunga mfumo anatakiwa kuibadilisha kabla hajaondoka. Akaijaribu. Ikakubali mara ya kwanza.

Wallahi nilikaa chini. Namba ninayonyimwa kwa usalama wangu imo kwenye kitabu anachoweza kukisoma mtu yeyote duniani. Hawakuibadilisha. Miezi yote hii anayejua aina ya paneli yetu angeweza kufika pale kwenye kibao cha namba na kujifanya fundi.

Basi kwa namba ile kijana akaiondoa namba kuu yao, nikatia yangu mwenyewe, naye akageuka ukutani wakati ninaibonyeza. Mtoto mwenye adabu. Kisha tukatafuta tagi iliyopotea kwa njia ambayo ningependa kila mmoja wenu aijue. Tulizikusanya tagi zote 13 zilizobaki. Tukawasha alamu, tukagusisha ya kwanza, na skrini ikaandika ni mtumiaji wa ngapi aliyezima. Nikaandika kwenye daftari, nikaifunga ile tagi uzi wa rangi. Tukawasha tena, tukagusisha ya pili. Tulifanya hivyo mara 13, kuanzia baada ya Alasiri hadi karibu na Magharibi. Namba ambayo haikutokea ni 11. Tukaingia menyu ya watumiaji, tukaifuta 11. Tukazijaribu tena tagi zote, zilizobaki zinafanya kazi. Ingekuwa imeandikwa tangu mwanzo ni dakika mbili, kama nilivyosema. Na kama unaona kutafuta hivyo ni kazi kubwa, unaweza kufuta zote ukaziingiza upya moja moja, lakini usisahau kuandika, ama utarudi palepale.

Tulipokuwa mle ndani ndipo tulipoona mengine. Paneli hii inaweza kuigawa nyumba sehemu kadhaa, kila sehemu na alamu yake, na kila tagi ukaipa sehemu yake tu. Nilimweleza fundi wazi, chini ni wageni, juu ni wanawake wa nyumba, na stoo ina sanduku la pesa. Yeye aliifanya nyumba nzima sehemu moja. Yaani mgeni akirudi saa sita za usiku akagusisha tagi, alamu ya juu kwetu nayo inazima, na ya stoo, na hakuna anayeiwasha tena mpaka usiku unaofuata. Nimelala miezi mingi nikiamini ngazi yetu inalindwa. Kila tagi ilikuwa na ruhusa zote sawa, ya mgeni wa siku mbili na ya mamangu hazina tofauti. Saa ya mfumo haikuwekwa, kumbukumbu za matukio zimeandika mwaka 2000, kwa hiyo hata angeingia mtu nisingejua ni siku gani.

Na mlango. Hili nimeliacha mwisho kwa sababu nikiliandika mikono inatetemeka. Ili kufunga sumaku inayohisi mlango ukifunguliwa, fundi alitoboa mwimo wa mlango wa nakshi. Alitoboa upande wa mbele, katikati ya ua lililochongwa, tundu la kuingia kidole, halafu akapitisha waya mweupe juu ya nakshi na kuubandika kwa gundi. Ulikuwepo ukuta wa chokaa pembeni ambao hauna kitu. Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na milango hii ni sehemu ya kilichouingiza humo. Nilikuwa sokoni alipokuwa anatoboa. Mamangu alimwambia asitoboe, akamjibu kwamba hakuna njia nyingine. Iko. Kuna vihisi visivyo na waya vya kubandika, na hata hiki cha waya kingekaa upande wa ndani, juu, pasipo na nakshi.

Ninachodai kwa kampuni hiyo ni haya, na nimewapelekea kwa maandishi. Shilingi 9,000 zangu za safari isiyofanyika. Gharama ya kutengeneza mwimo. Na waandike ni nyumba ngapi nyingine za Lamu na Malindi wamewafungia watu na kuacha namba ya kiwandani, wakazibadilishe kwa gharama yao. La tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu wenye nyumba hizo wamelala usiku huu hawajui.

NYONGEZA, baada ya Isha:

Aliyeuliza kama tagi zinaweza kunakiliwa: ndiyo, kama ni za zamani kama zangu, za masafa ya redio ya kilohetsi 125. Hizo hutaja namba yake kwa kisomaji chochote kilichosogezwa karibu, hazina siri. Kuna vifaa vidogo vya bei rahisi vinavyosoma namba hiyo na kuiandika kwenye tagi tupu kwa muda mfupi sana. Tagi nyingi zinazotumia megahetsi 13.56 ni afadhali, lakini si zote. MIFARE Classic, aina ya tagi hizo iliyoenea sana, siri yake ilivunjwa na watafiti wa Uholanzi mwaka 2008. Muulize anayekuuzia ni aina gani, na akikwambia zote ni sawa, usinunue kwake.

Aliyesema nirudi kwenye komeo la wazee na niachane na mambo ya umeme: ndugu yangu, komeo linahitaji mtu wa ndani aamke. Mtu huyo ni mamangu. Sina ugomvi na tagi. Tangu juzi zimegawanywa, za wageni zinafungua chini tu, zetu zinafungua kote, karatasi zenye jina la nyumba nimezing'oa zote, na daftari liko kabatini juu kwangu. Mgeni akiondoka tagi inarudi mkononi mwangu kabla begi halijapanda mkokoteni. Mama amelala usiku mzima mara mbili mfululizo.

Aliyeniomba namba ya yule kijana, nitamuuliza kwanza akiruhusu nikutumie faraghani.

Na mimi nina ombi. Mwimo wetu ni wa mbambakofi. Anayemjua seremala wa nakshi, wa hapa Lamu au Siyu, anayeweza kuziba tundu kwa kipande cha mti huohuo na kulirudisha ua lililokatika, aniandikie.