Hilux Revo iliyoinuliwa inchi 2: tairi ya 285/70R17 itaingia?

Wakuu, gari inatumia tairi za 265/65R17 (upana milimita 265, kimo cha ukuta asilimia 65 ya upana, rimu inchi 17), mbele na nyuma imeinuliwa inchi 2. 285/70R17 itagusa?

Jibu 1
Itagusa, mkuu. Kipenyo kinatoka milimita 776 hadi 831, yaani juu ya ekseli tairi inapanda nusu ya tofauti hiyo, milimita 27 tu. Nafasi ya juu ipo. Shida ni usukani ukikatwa hadi mwisho: inakwangua madigadi kwa nyuma na plastiki ya ndani. Kuinua hakuongezi nafasi hiyo, watu wengi wanakosea hapo. Rimu zilizotokeza nje ndizo huzidisha.

Jibu 2
Nyongeza: spidomita ikionyesha 100, unakwenda karibu 107. Gari inakuwa nzito kuondoka na breki zinafanya kazi zaidi. Chukua 265/70R17, kipenyo 803, upana uleule.

Muuliza
Na alaimenti (kunyoosha magurudumu)?

Jibu 1
Lazima, baada tu ya kuinua. Ukizidisha inchi 2 mbele, drive shafti (vyuma vinavyozungusha magurudumu) zinakaa kwa pembe kali, mpira wa CV joint (kiungo cha shafti kinachopinda) unachanika, grisi inamwagika. Kabla ya kulipa, funga tairi moja, kata usukani pande zote, kisha rudia gurudumu moja likiwa juu ya tuta. Spea nayo ipime: 285 inabana chini ya bodi.