Naomba ushauri: mtaani kwetu Tabora usiku hakulaliki

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Nipo Tabora mjini, upande wa Isevya, nimepanga na familia.

Tangu mvua zianze wezi wametuandama. Walianza na kuku na ndoo za uani, tukachukulia poa. Wiki mbili zilizopita wamekata nondo za dirisha la jirani, wakaondoka na tivii na mtungi wa gesi. Sufuria ya maharage wameitua chini taratibu, kifuniko juu. Juzi bodaboda kaporwa pikipiki saa tatu usiku. Saa tatu! Mke wangu siku hizi anaoga kabla ya magharibi, maana bafu liko nje.

Nimeripoti kituoni, nikapewa RB (namba ya taarifa yangu), basi. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano, tukakubaliana kila kaya itoe 2,000 kwa mwezi ya walinzi. Mwezi wa pili nusu wakakwepa, walinzi wakaacha. Aibu kweli, na sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe, ilianzia huku huku kwetu Unyamwezini na Usukumani miaka ya 1980.

Sasa kuna vijana wanataka kukesha na mapanga. Hapo ndipo naogopa: wakimkamata mtu wataua, na huenda hata si mwizi.

Naomba kuuliza: mliofanikiwa na ulinzi shirikishi, mliwabanaje wasiochanga? Na vijana hawa tuwapeleke kwanza kwa polisi kata wakatambulike, au ofisi ya mtaa inatosha?