Cheni za chuma, kebo au soksi za tairi: zipi zinafaa kwenye theluji?

MwendoPole
Habari wakuu. Gari langu ni dogo, linavuta mbele, tairi 205/55 R16. Njia yangu inapanda mlima, na theluji ikikolea askari wanazuia gari lisilo na cheni. Naona kuna za chuma za mtindo wa ngazi, za almasi (zilizosukwa kama wavu wa umbo la almasi), za kebo, na soksi za kitambaa. Nichukue zipi?

FundiRimu
Mkuu, soma kwanza kitabu cha gari. Magari mengi ya siku hizi yana nafasi finyu kati ya tairi na shokomzoba, na cheni nene inaweza kukata bomba la breki au waya wa ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki). Kitabu kitakwambia saizi gani ya tairi inakubali cheni, na unene usiozidi milimita ngapi. Tairi pana mara nyingi hazikubali kabisa.

Nafasi ikiruhusu, chukua almasi. Za ngazi zina vipande vilivyokatiza tairi tu, katikati mpira unabaki mtupu: gari linatikisika, na kwenye kona linateleza kwa ubavu. Almasi inagusa barabara muda wote. Kebo ni nyembamba, inapita penye nafasi finyu, ila kwenye barafu ngumu haing'ati kama chuma.

Lako unafunga mbele. Linalovuta nyuma, nyuma. La kuvuta magurudumu yote manne usibahatishe, fuata kitabu. Na ukishafunga mbele tu, teremka kona taratibu sana, maana nyuma hakuna kinachoshika.

Zuhura_N
Kaka, soksi usizidharau. Ni nyepesi, hazikwaruzi rimu, na hata mtu asiye na nguvu anazivalisha haraka. Ufaransa sheria ya maeneo ya milimani, kuanzia 1 Novemba hadi 31 Machi, inazikubali sawa na cheni kama huna matairi ya baridi. Tafuta zenye alama ya kiwango cha Ulaya, EN 16662-1.

FundiRimu
Dada, kwa theluji laini na safari fupi nakubali. Lakini lami ikijitokeza zinachanika upesi. Anayepanda mlima kila wiki atazimaliza mapema.

Zuhura_N
Hapo kweli. Kwa kila wiki, chuma.

GiaYaKwanza
Aina yoyote utakayochukua, ifunge kwanza nyumbani mchana, pakavu. Gizani, vidole vimeganda, hutaelewa ndoano ipi inaingia wapi. Hizi za kawaida zenye pete ya kebo: nyoosha cheni yote isijisokote, pitisha pete nyuma ya gurudumu, iunge juu, funga ndoano ya mbele, kisha vuta mnyororo wa kukazia. Usitoe upepo kwenye tairi ili ziingie. Endesha kama mita 100, simama, kaza tena. Hatua hii watu wanairuka, halafu cheni inalegea na kupiga bodi.

Fungia penye tambarare kabla mlima haujaanza, nje ya njia ya magari. Mwendo usizidi 50 kwa saa, na kama cheni zako zimeandikwa chini ya hapo, fuata hizo. Gari likikataa kuondoka kwa sababu mfumo wa kuzuia kuteleza unakata nguvu ya injini, uzime kwa muda, likishaondoka uwashe. Theluji ikiisha, vua mara moja. Ukifika suuza kwa maji, chumvi ya barabarani inazila.

MwendoPole
Ahsanteni sana. Kitabu changu kinaruhusu milimita 9, kwa hiyo almasi nyembamba. Na nikipata pancha ya mbele wakati spea yangu ni ile ndogo ya dharura?

FundiRimu
Hiyo ndogo usiifunge cheni. Toa gurudumu zima la nyuma ulilete mbele, spea iende nyuma, ndipo ufunge cheni mbele. Ni kazi mara mbili kwenye baridi, kwa hiyo beba glavu za mpira, taa ya kichwani na kipande cha turubai cha kupigia magoti.