Tupeane uzoefu: kubadilisha ruta ya nyumbani mpaka mtandao utulie

Mleta mada

Wakuu, tuweke hapa tunayoyajua kuhusu kubadilisha ruta ya nyumbani (kifaa kinachogawa intaneti kwa vifaa vya ndani): hatua, vifaa, na mahali mambo yanapoharibika. Naanza na kupima, maana ruta nyingi hununuliwa wakati tatizo liko kwingine.

Pima kasi mara nne. Kwanza laptopu ikiwa imechomekwa kwa waya moja kwa moja kwenye modemu, kifaa kinacholeta intaneti ya mtoa huduma ndani ya nyumba. Pili kwa waya kwenye ruta. Tatu kwa waifai, mita mbili au tatu kutoka ilipo ruta. Nne kwenye chumba cha mbali kabisa. Kasi ikiwa mbovu tangu kipimo cha kwanza, mpigie mtoa huduma, ruta mpya haitaongeza kitu. Ikishuka kati ya cha kwanza na cha pili, ruta imeelemewa au waya una kasoro. Ikishuka kwenye cha tatu, waifai yenyewe ni ya zamani au chaneli (masafa inayorushia) imejaa. Ikishuka kwenye cha nne peke yake, hapo ni kuta na mahali ulipoiweka.

Kabla ya kuchomoa ya zamani, ingia kwenye mipangilio yake unakili: aina ya muunganisho (DHCP, ambapo anwani hutolewa zenyewe, au PPPoE, ambapo unaingia kwa jina na nywila), jina na nywila ya PPPoE, namba ya VLAN (ya kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja) kama ipo, na anwani za IP (namba za kutambulisha vifaa kwenye mtandao) zilizotengewa printa na kamera. Halafu ipe ruta mpya jina lilelile la waifai na nywila ileile, herufi kubwa na ndogo zisibadilike. Ukiiwasha, simu na televisheni zinajiunga zenyewe moja baada ya nyingine bila mtu kugusa kitu. Hiyo ni raha ya kweli kwa anayependa kazi hii.

Fundi Waya

Mkuu, kwenye kipimo cha pili niongeze hili. Kasi ikigota kwenye 94 Mbps (megabiti kwa sekunde) au hapo karibu na haipandi kwa namna yoyote, usiishuku ruta kwanza, angalia waya. Muunganisho wa 100 Mbps unatumia jozi mbili tu kati ya nne, yaani pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti (1000 Mbps) inataka jozi zote nne. Uzi mmoja wa bluu au wa kahawia usipobanwa sawasawa, mara nyingi vifaa vinashuka vyenyewe hadi 100 na kuendelea na kazi. Intaneti ipo, taa zinawaka, hakuna anayejua kwamba sehemu kubwa ya kasi imepotelea kwenye plagi.

Mpangilio wa rangi za nyuzi uitwao T568B, pini 1 hadi 8: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Shika plagi kilimi kikiwa chini na waya ukija upande wako, pini 1 iko kushoto.

Kosa linalosumbua kuliko yote ni kuweka kijani jirani na nyeupe-kijani, pini 3 na 4, kwa kuwa ndivyo macho yanavyopenda. Ukifanya hivyo ncha zote mbili, kipimio cha taa nane kitasema waya ni mzima, kwa sababu kinaangalia kama umeme umefika tu. Lakini jozi zimevunjwa, nyuzi zilizosokotwa pamoja hazibebi tena ishara moja, na mwingiliano unaharibu data. Kata, anza upya.

Usifungue msokoto zaidi ya milimita 13 kutoka kwenye plagi, na ganda la nje liingie ndani ya plagi ili libanwe nalo. Epuka waya wa alumini uliopakwa shaba. Ukiukwangua kwa wembe ndani unaonekana mweupe wa fedha. Unakatika ukikunjwa, na ukipitisha umeme wa kamera juu yake unapata moto kuliko shaba tupu. Cat5e (daraja la waya wa mtandao) ya shaba halisi inabeba gigabiti hadi mita 100, kwa nyumba nyingi inatosha kabisa. Cat6, daraja la juu yake, nunua kama unafikiria gigabiti 10, nayo kwa kasi hiyo inaishia kama mita 55.

Lango Kuu

Ruta mbili zinazogombana. Modemu ya mtoa huduma ikiwa nayo inagawa anwani, na ruta yako inagawa, unakuwa na NAT mbili (anwani zinatafsiriwa mara mbili njiani): kurasa zinafunguka lakini michezo ya mtandaoni na kamera za kuangalia ukiwa mbali zinasumbua. Dawa ni kuweka modemu kwenye modi ya briji (ipitishe intaneti tu bila kugawa anwani), ruta mpya ndiyo ishike PPPoE. Zote mbili zikiwa 192.168.1.1, ruta mpya inaweza isitoke nje kabisa, hivyo ihamishie 192.168.2.1.

Ruta ya zamani usiitupe. Zima DHCP yake, ipe IP isiyogongana, mfano 192.168.2.2, kisha unganisha poti ya LAN (ya vifaa vya ndani) kwa LAN, siyo ile ya WAN (ya intaneti kutoka nje). Tayari ni kituo cha waifai cha chumba cha mbali. Inashinda virudufishi vya waifai (vifaa vinavyoipokea na kuirusha tena), kwani kirudufishi kinachopokea na kutuma kwa chaneli moja hupoteza karibu nusu ya kasi.

Chaneli Sita

Kwenye waifai ya 2.4 GHz tumia chaneli 1, 6 au 11 kwa upana wa 20 MHz. Ukichagua 3 au 4 unawasumbua majirani wa pande zote mbili, nao wanakusumbua.

Kwenye 5 GHz, nchi nyingi zinaitaka ruta isikilize rada kwanza kwenye chaneli 52 hadi 144, angalau sekunde 60, ndiyo ianze kurusha. Ndiyo maana ukiwasha ruta mtandao wa 5 GHz unachelewa kuonekana, au unahama ghafla. Kwa utulivu chagua 36 hadi 48.

Ishara ya -67 dBm (kipimo cha nguvu ya ishara, inayokaribia sifuri ndiyo kali) au nzuri zaidi inatosha simu za video. Ikifika -80, sogeza ruta: juu, katikati ya nyumba, mbali na kioo kikubwa, friji na tangi la samaki. Vifaa vya zamani vikikataa kujiunga, angalia kama umeweka WPA3 (ulinzi mpya wa nywila ya waifai) peke yake, urudishe WPA2 na WPA3 pamoja.

Ping Ndogo

Nyumba inaweza kuwa na kasi kubwa na bado simu za video zikakwama mtu akipandisha picha. Fungua ping (kipimo cha muda wa ujumbe kwenda na kurudi) ya 1.1.1.1, anwani ya seva ya mtandaoni, iendelee, halafu pandisha faili kubwa. Ikiruka kutoka milisekunde 20 hadi mamia, foleni imejaa kwenye modemu. Kwenye OpenWrt (programu huria ya ruta) weka SQM (kisimamizi cha foleni ya data), chagua njia yake iitwayo cake, kisha andika kasi ya kushusha na ya kupandisha kwa asilimia 90 hivi ya ulichopima. Unaisogeza foleni ndani ya ruta, ambako inasimamiwa. Ruta yenye prosesa dhaifu itashusha kasi ukiwasha SQM, kwa hiyo liangalie hilo kabla ya kununua.

Fundi Waya

Na umeme. Ruta inayojizima na kuwaka wakati vifaa vingi vinatumika, soma adapta: volti lazima ziwe zilezile, ampea ziwe sawa au zaidi. Ya 12V 1A kwenye ruta ya 12V 2A itawaka vizuri asubuhi na kuanguka jioni, kila mtu akiwa nyumbani.