Mwenzetu darasani katoka Msumbiji, tunaanzaje kumjua yeye na kwao?

Binti_Chikongola
Habari za humu wadau. Nipo chuo hapa Mtwara mjini, mwaka wa kwanza. Muhula huu kaja dada mmoja kutoka Msumbiji, mpole sana, Kiswahili chake cha kuungaunga ila Kireno kinatiririka. Sasa mwalimu katoa kazi ya grupu, kila grupu ieleze nchi na utamaduni wa mwenzao ambaye kwao si Tanzania, na sisi tumepangwa na huyo dada. Wenzangu wawili wameshaanza kushusha vitu gugo, bendera, rais, idadi ya watu, mto Zambezi, nikawaambia jamani mtu tunakaa naye dawati moja kwanini tusimuulize mwenyewe, wakasema tutamkera. Mi ninachojua Msumbiji ni hapo ng'ambo ya Ruvuma na Wamakonde wapo huku na huku, basi. Nianzie wapi isije ikawa kama namhoji uhamiaji 😅 Halafu kuna mmoja anataka slaidi ya kwanza iwe vita ya Cabo Delgado, ule mkoa wao wa kaskazini, mi naona haijakaa sawa, nyie mnaonaje?

Msela_Mikindani
Mnahangaika bure. Wale ni ndugu zetu bana, ugali wanakula, samaki wanakula, mapiko (ile ngoma ya vinyago) wanacheza. Andikeni "utamaduni wao ni kama wetu" slaidi tatu mmemaliza, mkale chapati.

Mjukuu_wa_Newala
Msela hapana. Mimi bibi mzaa mama katoka Mueda, hukohuko Cabo Delgado, wajomba zangu wako kule mpaka leo, na bado nakwambia hiyo "ni kama wetu" ndo inafanya watu wasiulize kitu. Kutoka Ruvuma mpaka Maputo ni mbali kuliko hapa Mtwara mpaka Mwanza. Mmakonde wa Mueda na Mshangana wa kule chini Gaza wakikutana wanaongea Kireno maana hawasikilizani, sasa wewe unamwambia mtoto wa watu kwenu ni kama kwetu, kwao wapi?

Binti, swali lako la kwanza liwe hilo tu, kwenu mkoa gani. Usianze na rais wala bendera (ingawa bendera yao ina picha ya bunduki AK-47 juu ya kitabu na jembe, wenzako watataka tu kuiweka). Akishasema mkoa ndo unajua uulize nini.

Kuhusu vita uko sahihi, acheni. Tangu Oktoba 2017 wapiganaji wa hiyo vita walipovamia mji wa Mocímboa da Praia kila Mmsumbiji akijitambulisha anaulizwa hilohilo, na 2021 mji wa Palma ulipovamiwa kuna watu walivuka wakaja huku kwetu, hamjui yeye kapoteza nani. Akitaka atasema mwenyewe. Kama mnataka historia lazima, chukueni ile inayotugusa. Frelimo, chama kilichopigania uhuru wao, kimeanzishwa Dar 1962, wapiganaji wake wamefundishwa Nachingwea hapo Lindi, vita ya ukombozi ikaanza Septemba 1964 upande wa Cabo Delgado, uhuru 25 Juni 1975. Wazee wa Nachingwea wanamkumbuka Samora Machel, rais wao wa kwanza, kwa sura, hamna haja ya gugo.

Binti_Chikongola
Asante kaka Mjukuu. Nimemuuliza leo tukiwa foleni ya chakula. Anatoka Nampula, na kabila Mmakua! Akacheka sana, anasema tangu afike Mtwara kila mtu anamwita Mmakonde, mpaka mama wa kantini anamsalimia Kimakonde na yeye anaitikia tu.

Mama_Chiungutwa
Jamaniii Mmakua! Mwanangu mlete Masasi huyo. Sisi Wamakua wa Masasi babu zetu walivuka kutoka hukohuko karne ya 19, na mpaka leo wazee wakikaa wanataja walikotoka. Muulize nihimo yake ni ipi, yaani ukoo wa upande wa mama, maana Wamakua tunahesabu kwa mama. Ukiuliza "baba yako ukoo gani" utapata jibu fupi, ukiuliza wa mama na mjomba wake ni nani utakaa hapo mpaka jioni. Kwetu mjomba ndo mwenye kauli kwenye ndoa ya mpwa wake, ingawa vijana wa mjini wanajifanya hawajui. Muulize na kwao Nampula bado iko hivyo au imelegea, mi mwenyewe nataka kujua.

Ila usimtegee kwamba mtasikilizana kilugha. Mimi niliwahi kukaa na mama mmoja wa Nampula kwenye msiba, nusu nilimwelewa, nusu nikawa naitikia kwa heshima.

Kivuko_Kilambo
Mi mfanyabiashara, nakatiza huko kwa kupitia Daraja la Umoja pale Mtambaswala, Negomano, Mueda, unashuka mpaka Nampula. Ukifika rudisha saa nyuma lisaa limoja, na mtu akikwambia saa mbili hahesabu kama sisi, anahesabu Kireno, nishakosa gari asubuhi kwa hilo.

Watu wengi mnauliza ngoma na chakula, sawa, ila muulizeni KOROSHO. Nampula ni mkoa wa korosho kama huku. Kabla ya uhuru Msumbiji ilikuwa namba moja duniani, baadae vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaja tangu 1977 mpaka 1992, mikorosho ikazeeka bila kupandwa mingine, halafu miaka ya 90 Benki ya Dunia ikawashinikiza washushe ushuru wa korosho ghafi zinazoenda nje, ghafi zikaondoka kwa wingi, viwanda vingi vya kubangua vikafungwa na maelfu ya watu, wengi wao akina mama, wakakosa kazi. Mtu wa Mtwara akisikia hiyo si anajisikia yupo nyumbani kabisa? Sisi kila msimu tunalia tunauza ghafi wakati ajira zinaenda India na Vietnam, na wenzetu hapo jirani walishaona mwisho wake. Muulize kama nyumbani kwao kuna mikorosho, msimu wanauzia nani, bei nani anapanga, halafu nyie mumweleze stakabadhi ghalani (mkulima anaweka korosho ghalani, zinauzwa kwa mnada) na minada ya AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Hapo mtakuwa mnabadilishana, sio kuhoji.

Msela_Mikindani
Haya mkuu nimenyoosha mikono 😂 lakini mapiko si ni ya kule pia?

Mjukuu_wa_Newala
Mapiko ni ya Wamakonde, yule dada ni Mmakua wa Nampula. Wewe ukienda Arusha ukaambiwa ucheze kimasai utafurahi? Upande wa pwani yao kuna tufo, wanawake wanakaa mistari wamevaa kapulana (vitenge vyao) sare, wanaimba na kutikisa mabega huku matari yanapigwa. Imetokana na mambo ya maulidi. Kisiwa cha Msumbiji kiko mkoa wao huohuo wa Nampula, ndo nchi ilipopata jina, na kilikuwa makao makuu ya Wareno mpaka 1898. Kimegawanyika mji wa mawe na mji wa makuti, mtu wa Kilwa au Mikindani akifika pale anajua yupo wapi bila kuambiwa.

Binti_Chikongola
Nimerudi na ripoti. Jana usiku nilimkuta hosteli ana kijiwe bapa amekilowesha maji, anasugua kijiti cha mti wanaouita musiro, kinatoa uji mweupe mzito, anaukusanya kwa kidole anajipaka uso mzima mpaka shingoni, yaani kama liwa ila wenyewe wanashinda nao mchana kweupe, wanaenda nao sokoni. Huku anajipaka tu akiwa amefunga mlango kwa sababu siku ya kwanza alipotoka nao wasichana wa chumba cha tatu walikimbia wakipiga kelele. Nikamwambia nipake na mimi. Unakaza uso unakauka, ukicheka unapasuka. Tumezunguka koridoni wawili mpaka wale wa chumba cha tatu wakaja kuomba.

La mjomba Mama Chiungutwa umenipatia. Kaongea mpaka umeme ukakatika. Nihimo yake kanitajia ila kasema nisiiandike mtandaoni nikamheshimu. Mjomba wake ndo anamlipia ada.

Korosho pia ipo, bibi yake ana mikorosho michache, wanunuzi wanakuja na mizani yao hadi mlangoni, bei wanataja wao. Nilipomweleza mnada wa hapa aliuliza "sasa mkulima akikataa bei inakuwaje?" grupu zima tukatazamana, tukaanza kubishana sisi kwa sisi.

Vita kasema isiwe slaidi, mtu akiuliza atajibu yeye. Na yule aliyeitaka kakubali, kapewa slaidi ya korosho. Jumamosi anatupikia matapa, kasema ni kisamvu na karanga na nazi na kamba. Tunanunua nini na nini?

Mama_Chiungutwa
Kisamvu kitwangwe laini sana, msichukue cha kusagwa kwa mashine kinakuwa na nyuzinyuzi. Karanga mbichi, zisikaangwe, zitwangwe ziwe unga. Kamba wa kukausha wanatosha kwa bajeti ya wanafunzi. Na mwacheni apike yeye, nyie mkune nazi.

Kivuko_Kilambo
Muulizeni kama kwao wanakula na ugali wa muhogo, mie Nampula nilikula hivyo. Unga wa makopa soko kuu upo, nendeni mapema.